Nyumba ya Kapitani Joubert na Mama Atakaye

Siku ya 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza Wenyeheri watu wanne waliouawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964. Watatu walikuwa Waitalia wa shirika la Wasaveri: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin. Wa nne alikuwa padri wa jimbo, jina lake Abbé Albert Joubert.

Anayesikia jina hilo la nne mara ya kwanza hudhani ni Mzungu mwingine tu. Sivyo. Abbé Albert alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1908 huko Mrumbi, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Watabwa. Baba yake alikuwa Mfaransa, Kapitani Léopold Joubert. Mama yake alikuwa Mwafrika, Agnesi Atakaye. Mtoto alizaliwa katika wiki za mwisho za ile Dola ya Mfalme Leopold, maana tarehe 15 Novemba ya mwaka ule ule Kongo ilipita mikononi mwa Ubelgiji.

Wapenzi wasomaji, juu ya malezi ya watoto tumekwisha kusikia mahubiri mengi. Wazazi wanaambiwa: wafundisheni watoto sala, waonyesheni mfano mwema. Ni maneno ya kweli, lakini yakirudiwa Dominika kwa Dominika sikio linayazoea, kama linavyozoea mlio wa kinu cha jirani. Basi leo tushike njia nyingine. Tutazame jinsi dini ilivyoingia nyumbani kwa watu wa ziwa letu, nani waliiingiza, na siku ilipojaribiwa ilishikwa na nani.

Watoto wasio na nyumba

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa ikiteketeza nchi za pande zote mbili za ziwa. Watu wa bunduki walichoma vijiji, wanaume wakauawa au wakakimbilia milimani, wanawake na watoto wakafungwa kamba na kupelekwa pwani. Ndiyo sababu watoto wa kwanza waliofundishwa dini upande wetu hawakuletwa na wazazi wao. Walikuwa watoto waliopokonywa mama zao njiani, na Mapadri waliwakomboa kwa vitambaa. Walikusanywa Kibanga, misioni iliyoanzishwa mwaka 1883, na tena Mpala, ambako Mapadri walipewa mwaka 1885 boma lililojengwa na Luteni Storms, Mbelgiji.

Mpango huu haukuanzia kwetu. Monsinyori Lavigerie, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Algeri tangu 1867, alikuta huko njaa kali, akapokea mayatima zaidi ya elfu moja. Wavulana na wasichana wale walipokua, aliwaozesha wao kwa wao, akawapa mashamba, akawajengea vijiji viwili katika bonde la Cheliff, kimoja cha Mtakatifu Sipriano, kimoja cha Mtakatifu Monika. Waafrika wote wawili, na Monika ni yule mama aliyemlilia mwanawe Augustino miaka mingi mpaka akaongoka. Sijui kama kuna jina lililofaa zaidi kwa kijiji cha mayatima.

Mpango ule ule ulivuka jangwa, ukaja Tanganyika. Mtoto aliyekombolewa alipata chakula, nguo, kengele ya asubuhi, sala, katekismu, kazi ya shamba, sala tena, kulala. Nani atalaumu? Pasipo kengele ile wengi wangekufa. Lakini kengele haijui mtoto analia kwa nini usiku. Mapadri wenyewe waliliona jambo hili, na ndiyo maana hawakutaka nyumba ya mayatima iwe mwisho wa safari. Walingoja vijana wafikie umri, wakawafungisha ndoa, wakawapa kiwanja na jembe. Tumaini lao lilikuwa kwamba katika nyumba hizo mpya mtoto wa kwanza angezaliwa ambaye dini angeipokea pamoja na maziwa.

Neno moja tuliseme wazi. Vijana wale waliooana walikuwa hawajaona kwa macho yao jinsi baba Mkristu anavyokaa na mke wake na watoto wake. Mapadri hawakuoa. Masista hawakuolewa. Mafundisho ya ndoa waliyapata, lakini nyumba ya kutazama hawakuwa nayo.

Kapitani anaoa

Kapitani Joubert alizaliwa Ufaransa, Saint-Herblon, tarehe 22 Februari 1842. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, alikwenda Roma kuwa askari wa Papa, akabaki katika jeshi lile mpaka Roma ilipotekwa mwaka 1870. Baadaye Lavigerie akamwomba aje kulinda misioni za ziwa. Alikuja, akarudi Ulaya muda kidogo, akaja tena, na mwezi wa Machi 1887 alifika Mpala. Hakuondoka tena. Kwa miaka kadhaa yeye na vijana aliowafundisha bunduki walikuwa ukuta kati ya Wakristu wapya na wateka watumwa, mpaka askari wa Kapitani Jacques walipofika mwaka 1891.

Vita vyake vimeandikwa katika vitabu vingi, tuviache. Mimi namtazama siku ya ndoa yake. Mwaka 1888 alimwoa Agnesi Atakaye mbele ya altare, ndoa ya Kikristu kamili. Alikuwa na miaka karibu 46. Wazungu wa nyakati zile waliokaa na wanawake wa nchi walikuwa wengi, lakini waliowaoa kwa sakramenti walihesabika kwa vidole. Kapitani alimwoa Atakaye kama ambavyo angemwoa binti wa kijiji chake, akazaa naye watoto wengi, akawaita kwa jina lake, akakaa nao chini ya paa moja. Hakurudi Ulaya kula pensheni. Alikufa tarehe 27 Mei 1927 huko Misembe, karibu na Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu katika Moba, akiwa na miaka 85.

Sasa tuhesabu kidogo. Albert alipozaliwa baba yake alikuwa na miaka 66. Baba alipofariki, kijana alikuwa na miaka 18. Mzee wa umri ule hamkimbilii mtoto uwanjani. Kwa hiyo nadhani sikosei nikisema kwamba sala za kwanza, adabu za kwanza, na lugha ambayo mtoto alimjulia Mungu, vilitoka kwa Mama Atakaye. Kwa baba, mtoto aliona kitu kingine: mwanamume mwenye nguvu, askari, mtu wa kuogopwa, anapiga magoti. Katika nchi ambako watu walizoea kuona mwenye bunduki anapigiwa magoti, somo hilo halikuhitaji katekismu.

Hapa lazima niseme jambo lenye uchungu, maana pembeni ya nyumba ile kuna habari nyingine. Katika miaka ya Ubelgiji watoto machotara wengi hawakukubaliwa na baba zao. Serikali ya koloni iliona aibu kwao, ikawatoa kwa mama zao wakiwa wadogo na kuwaweka katika nyumba za misioni, kama Save kule Rwanda na Katende katika Kasai. Mama alikuwa hai. Bibi alikuwa hai. Mtoto aliitwa yatima. Mwaka 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha kwa sehemu ya Eklezia katika jambo hili. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba msamaha kwa jina la serikali. Na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwatoa hivyo wasichana watano, waliochukuliwa kabla ya kufika miaka saba na kupelekwa Katende, kulikuwa kosa dhidi ya ubinadamu, na serikali iwalipe. Wao sasa ni mabibi wazee.

Watoto wale walifundishwa sala, tusikatae. Walijua katekismu pengine kuliko watoto wa Mrumbi. Lakini mtu anayefundishwa amri ya nne, kuheshimu baba na mama, na wale wale wanaomfundisha wamemnyang'anya mama, atapokea nini? Nyumba ya Joubert na nyumba ya Katende zilikuwa na msalaba ule ule ukutani. Tofauti haikuwa katika msalaba.

Mjomba, baba na mapadri

Kuna wanaosema kwamba kabla ya dini watoto wetu hawakulelewa. Ni uwongo. Watabwa, kama Wabemba ndugu zao, walimjua Mungu kwa jina la Leza. Mtoto alifundishwa heshima kwa wakubwa, kugawa chakula, kuogopa kiapo cha uwongo, kutunza wafu wa ukoo. Na mtoto alikuwa wa ukoo wa mama. Kaka ya mama, mjomba, ndiye aliyekuwa na neno kubwa juu ya mtoto: mahari yake, urithi wake, hata mahali pa kukaa. Baba alizaa na kulisha, lakini neno la mwisho mara nyingi halikuwa lake.

Basi tazama mgogoro ulioingia. Wamisionari walileta nyumba ya Nazareti: Yosefu, Maria na mtoto, baba akiwa kichwa. Walimtaka baba ajibu mbele ya Mungu juu ya watoto wake. Mjomba akauliza: na mimi je? Vita hii haikupigwa kwa bunduki, ila jioni kwa jioni, uani, kwa maneno ya upole na kwa maneno makali. Wengine walishika ya baba, wengine ya mjomba, na wengi, kwa akili ya watu wetu, wakashika zote mbili: mjomba akaombwa awe msimamizi wa ubatizo. Kwa maoni yangu hao wa mwisho walikuwa na hekima. Dini inayomfukuza mjomba mlangoni humkuta dirishani.

Mtu aliyeelewa jambo hili kuliko wengine ni Abbé Stefano Kaoze. Alitoka Marungu, akasoma katika seminari iliyoanzishwa Mpala mwaka 1899, na tarehe 21 Julai 1917 Monsinyori Roelens alimpa upadri huko Baudouinville. Ndiye padri Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu. Angali mseminari, mwaka 1910 na 1911, alichapisha katika gazeti la Kifaransa la Ubelgiji maandiko juu ya fikira na tabia za Wabantu wa kwao. Mtu wa kwetu akiwaeleza Wazungu kwamba watu wake wana akili, dhamiri na mafundisho ya maisha! Alikufa tarehe 20 Machi 1951. Nafikiri mseminari yule aliandika kwa sababu alijua alichopewa nyumbani kabla ya kupewa Kilatini.

Tusisahau pia sheria ya Lavigerie juu ya wakatekumeni. Aliagiza mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne. Kwanza miaka miwili ya kujaribiwa, anapata medali ya kuvaa shingoni. Kisha miaka miwili ya ukatekumeni. Wengi walinung'unika, na misioni nyingine ziliwacheka Mapadri Weupe kwa uzito huo. Lakini faida yake ilikuwa hapa: kwa miaka minne mume na mke walirudia maneno yale yale nyumbani, mbele ya moto, watoto wakisikia. Mtoto alijifunza Baba Yetu kwa kuwasikia wazazi wake wakikosea na kusahihishana. Siku hizi tunamfundisha mtoto peke yake, na wazazi wanakuja siku ya sherehe na mpiga picha.

Nyumba ya masomo

Tarehe 26 Mei 1906 Vatikano na Dola ya Leopold walifanya mapatano: kila misioni ya Kikatoliki ipewe ardhi, hektari 100 mpaka 200, nayo ifungue masomo. Kutoka hapo masomo ya Kongo yakawa mikononi mwa misioni kwa sehemu kubwa sana mpaka Uhuru wa 1960. Matunda yake tunayala mpaka leo, na mimi mwenyewe nimelelewa humo.

Lakini kila dawa ina uchungu wake. Mtoto alipokwenda masomo, wazazi wengi walihesabu kwamba kazi ya kumfundisha Mungu imekwenda naye. Kusoma, kuandika, kuhesabu, kusali: vyote vya Mwalimu. Papa Pio wa 11 aliandika tarehe 31 Desemba 1929, katika barua yake juu ya malezi ya vijana, kwamba haki na wajibu wa kulea umewekwa na Mungu kwa wazazi kwanza. Aliandika hayo akiona serikali za Ulaya zinataka kujinyakulia watoto. Kwetu hatari ilikuwa ya namna nyingine: hakuna aliyewanyakua, wazazi wenyewe waliwakabidhi.

Ikaja siku ya majaribu. Mwaka 1964 waasi walishika Uvira na nchi ya Fizi. Tarehe 21 Novemba 1964, kule Roma, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Eklezia, na humo jamaa ya Kikristu imeitwa kama kanisa la nyumbani, na wazazi wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Juma moja baadaye, tarehe 28 Novemba, huko Baraka waliuawa Bruda Faccin na Padri Carrara, na jioni huko Fizi Padri Didonè na Abbé Albert Joubert. Abbé Albert alikuwa na miaka 56. Mwana wa askari hakuwa na bunduki.

Katika milima ya Fizi vita havikuisha upesi, waasi walikaa huko miaka mingi. Mahali ambapo padri hafiki, sala inayobaki ni ile ambayo mama anaijua bila kitabu, na ubatizo unaobaki ni ule wa hatari, wa maji na maneno machache, ambao mama au katekista anaweza kuutoa.

Jaribu la pili halikuja na bunduki. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristu, na padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishwa kifungo. Vyama vya vijana vya dini vilifungwa, hata Xaveri yetu, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour. Mwaka 1973 magazeti ya dini yalinyamazishwa. Mwaka 1974 Noeli haikuwa tena sikukuu ya nchi, watu walikwenda kazini. Mwisho wa mwaka ule serikali ilichukua masomo yote na kuondoa mafundisho ya dini, mahali pake ikaweka mafundisho ya chama. Ni mapatano ya Februari 1977 yaliyorudisha masomo kwa Eklezia.

Miaka zaidi ya miwili, basi, mtoto wa Mkatoliki hakusikia jina la Yezu darasani. Hapo ikajulikana nyumba gani zilikuwa na dini na nyumba gani zilikuwa zimeazima dini ya Mwalimu. Baba yangu alianza masomo katika miaka ile. Kwenye karatasi zake zote ana majina ya ukoo tu. Jioni, wakati wa kuanika sahani, bibi alimwita kwa jina la ubatizo, kwa sauti ya chini, na mpaka leo akiitwa jina hilo kwa sauti kubwa anageuka kama mtu aliyeshtuka.

Tunasema kwamba serikali ile ilipigana na Eklezia, na ni kweli. Lakini katika jambo la majina ilisema pia neno ambalo lilistahili kusikiwa: kwa nini mtoto wa Kongo aone haya kwa jina la babu yake? Kapitani alimwita mkewe Agnesi, na jina la Atakaye halikupotea. Yote mawili yaliingia mbinguni, natumaini.

Leo masomo tunayo, magazeti tunayo, majina tunayo. Maaskofu wa Kongo walichagua tangu 1961 njia ya jumuiya ndogo za Kikristu, na katika mashirika yetu ya mtaa majirani wanasoma Injili pamoja. Hata hivyo nyumba nyingi ninazozitembelea zina baba aliye mbali, anachimba dhahabu au anatafuta kazi mjini, na mama aliyeondoka saa kumi za usiku kwenda kupokea ndagala pwani. Watoto wanabaki na bibi, au na dada mkubwa wa miaka kumi na miwili, au na simu. Na baba akiwapo, akisikia majirani wanakuja kusali rozari, anasimama polepole, anasema kwamba hayo ni ya akina mama, anakwenda kukaa nje. Simhukumu. Pengine hakuona kamwe baba yake akipiga magoti.

Ninapoandikisha watoto wa komunyo ya kwanza huwa ninamwuliza kila mmoja, kabla ya maswali ya katekismu, ni nani aliyemfundisha ishara ya msalaba. Mwaka huu wengi walijibu: Bibi. Baadhi walisema: Mama. Wengine walisema: Wewe, Mwalimu. Mvulana mmoja alisema: Baba, na wenzake wakamgeukia kumtazama.